Redio ya VHF kwa boti ndogo: fedha zako zianzie kwenye antena

Mtu akienda dukani kununua redio ya VHF, ile ya kuzungumzia chombo kwa chombo baharini, cha kwanza anachoulizia ni wati na bei, na muuzaji naye humjibu hayohayo. Ndiyo maana unakuta boti yenye redio nzuri ya wati 25 iliyofungiwa antena fupi ubavuni, waya mwembamba wa mita 12 uliozungushwa chini ya kiti kwa kuwa hakuna aliyetaka kuukata, na betri ambayo ikifika jioni haiwashi hata taa. Redio ya namna hiyo inasikika vizuri bandarini, lakini ukishakivuka kisiwa hakuna anayekusikia tena.

Maelezo haya ni kwa boti za faiba na mashua za mita 6 hadi 14, zinazovua au kupakia abiria kati ya Lamu na Kilwa. Tumeyapanga kwa jinsi fedha inavyopaswa kutoka mfukoni: kwanza urefu wa antena, kisha waya, kisha umeme, na redio yenyewe mwisho.

Simu ya mkononi haitoshi. Inampata mtu mmoja, tena mnara uwe karibu na yeye awe na chaji. Wito wa chaneli 16 (chaneli ya dharura na ya kuitana, megahezi 156.8) husikiwa na kila chombo kilicho karibu chenye redio inayosikiliza chaneli hiyo. Husikiwa pia na meli za mizigo zinazoelekea Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ambazo sheria za kimataifa zinazitaka zikae zikisikiliza masafa ya dharura. Meli iliyo kilomita 15 kutoka kwako ndiyo jirani yako wa karibu kabisa, na namba yake ya simu huna.

Umbali hautokani na wati

Mawimbi ya VHF huenda karibu moja kwa moja, hayafuati mviringo wa dunia. Kinachoamua utasikika wapi ni urefu wa antena yako pamoja na urefu wa antena ya unayemwita. Hesabu yake ni nyepesi: chukua urefu wa antena kutoka usawa wa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4. Fanya hivyo kwa kila upande, kisha jumlisha. Jibu ni kilomita.

Wavuvi wawili wameketi kwenye boti zao na redio za mkono, antena zikiwa mita 1 juu ya maji: kila mmoja ana kilomita 4, jumla 8. Boti mbili zenye antena za mita 4: kila moja 8, jumla 16. Boti hiyohiyo ikiita meli yenye antena ya mita 25, ni 8 na 20, yaani kilomita 28. Ikiita kituo cha pwani chenye mnara wa mita 100, ni 8 na 40, yaani 48. Hapo wati hazijatajwa popote. Kutoka wati 5 hadi 25 kunakusaidia usikike wazi ndani ya umbali huo, lakini hakuivushi sauti nyuma ya upeo wa macho. Kuinua antena kutoka mita 1 hadi 4 kunauzidisha umbali wako maradufu, kwa gharama ya bomba na vibano viwili.

Hesabu hii inakuonyesha pia mahali VHF inapoishia. Anayekwenda kuvua Fungu Mbaraka yuko zaidi ya kilomita 60 kutoka Dar es Salaam, na hakuna antena ya boti ndogo itakayomfikisha nchi kavu moja kwa moja. Chombo cha safari kama hizo kiwe na kifaa cha dharura cha setilaiti cha megahezi 406 (EPIRB, au PLB ya kuvaa mwilini) mbali na redio. Redio itaita meli zinazopita, na kifaa kile kitaita walio mbali.

Antena ipi, na uifunge wapi

Antena huuzwa kwa alama za 3 dB, 6 dB na 9 dB. Namba kubwa inavutia, lakini fahamu kinachotokea. Antena ya 3 dB, yenye urefu wa kama mita 1, hutawanya mawimbi kwa umbo nene kama andazi. Ya 6 dB, yenye kama mita 2.4, inalibonyeza andazi lilelile likawa bapa kama chapati: linafika mbali zaidi, lakini bahari ikiwa imetulia tu. Kusi likivuma na boti ikalala ubavu huu na ule, ile chapati inaelekea majini mara hii na mbinguni mara ile, na anayekusikiliza anapata maneno nusunusu. Kwa boti iliyo chini ya mita 8 chukua 3 dB bila kusita. Mita 8 hadi 14, yenye upana na inayotulia majini, 6 dB inafaa. Ile ya 9 dB waachie wenye meli.

Hakikisha imeandikwa kuwa haihitaji bati la chini. Antena za gari hutegemea bodi ya chuma iliyo chini yake. Ukiifunga kwenye faiba au mbao, nguvu inarudi redioni. Kosa hili ni la kawaida sana kwa sababu antena ya gari ni rahisi na inaingia kwenye soketi ileile.

Kwenye boti ya mashine, bomba la chuma kisichoshika kutu la mita 2 hadi 3, lililofungwa kwenye fremu ya turubai au tezi (nyuma ya boti), linatosha kuifikisha antena mita 4 juu ya maji. Kwenye mashua ya tanga usiifunge kichwani mwa mlingoti, kwani foromali (mti unaobeba tanga) itaivunja siku ya kwanza ya kugeuza tanga. Isimamishie mti wake peke yake huko tezi. Iache angalau mita 1 kutoka antena nyingine na kutoka walipo watu, na usiifunge ikashikamana na mlingoti wa chuma.

Waya ndio unaokula nguvu

Waya wa antena ya VHF ni koaksia ya omu 50. Ule mweupe wa televisheni ni wa omu 75, usiuguse hata ukipewa bure. Katika ule wa omu 50 kuna aina tatu utakazokutana nazo. RG-58 una unene wa milimita 5, na kwa mita 10 unapoteza zaidi ya theluthi moja ya nguvu. RG-213 una unene wa milimita 10, na kwa mita hizohizo unapoteza chini kidogo ya moja ya tano. RG-8X uko katikati, na ndio tunaoupendekeza kwa boti nyingi ndogo kwa kuwa unapinda kirahisi na unapita kwenye matundu madogo. Ukiwa na mita 20 za RG-58, katika wati zako 25 zinafika antenani kama 10. Hata sauti unazozipokea zinaliwa hivyohivyo.

Kwa hiyo pima njia ya waya kwa kamba kabla ya kununua, ongeza nusu mita, basi. Unaozidi ukatwe. Kuuzungusha na kuufunga fundo ni kulipia hasara. Ukipata waya wa baharini ambao nyuzi zake za shaba zimepakwa bati, lipa hiyo tofauti ya bei. Shaba tupu hugeuka kijani kisha nyeusi, na kutu ya chumvi husafiri ndani ya maganda kwa mita nzima bila kuonekana nje.

Kichwa cha waya huitwa PL-259, na hapo ndipo redio nyingi hufia. Kwa waya mwembamba utahitaji na kipunguzio chake (kijibomba cha kujaza nafasi ndani ya kichwa): UG-175 kwa RG-58, UG-176 kwa RG-8X. Vinafanana mno, kwa hiyo kijaribu kwenye waya kabla hujaondoka dukani.

Kazi yenyewe iko hivi. Kwanza kabisa ingiza ile pete ya nje ya kichwa kwenye waya, na kipunguzio nyuma yake. Mafundi hulehemu kila kitu vizuri kisha wakakuta pete imebaki mezani. Menya ganda la nje, kama milimita 16. Fumua wavu wa shaba, uukunje nyuma juu ya kipunguzio, upunguze usifikie hesi. Menya plastiki ya ndani ukibakiza milimita 3 hivi kutoka mdomo wa kipunguzio, na nyaya za kati zisikatike hata moja. Pake lehemu nyaya hizo kidogo, zisukume mpaka zitokeze kwenye ncha ya kichwa, kaza kipunguzio, kisha lehemu ile ncha na yale matundu ya pembeni ambamo wavu unaonekana. Tumia pasi ya kulehemu ya wati 60 au zaidi. Pasi dogo la kutengenezea simu halikipashi moto kichwa, na lehemu hubaki juu kama tone la nta: inaonekana imeshika, kumbe imelala tu.

Kabla ya kufunga antena, pima kwa mita ya umeme: ncha ya kati na ganda la nje zisigusane kabisa. Lazima antena iwe imefunguliwa, kwa sababu antena nyingi za baharini zimeunganishwa kwa ndani, na mita itakuonyesha shoti isiyokuwepo. Kiungio kilicho nje kifungwe kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ukivuta mpaka inyooke na kupandisha kila mzunguko juu ya nusu ya uliopita, kuanzia chini kwenda juu. Acha waya uteremke kidogo chini ya kiungio au tundu kabla haujaingia ndani, ili maji yadondokee pale yasiufuate waya.

Umeme

Redio ya wati 25 hula amp 5 hadi 6 unapozungumza, na chini ya amp 1 ikiwa inasikiliza. Safari ya saa 12 pamoja na mazungumzo ya dakika 20 kwa jumla hula amp-saa 7 hadi 10. Betri ya amp-saa 40 inatosha na kubaki, mradi isiwe ndiyo hiyohiyo inayowasha mashine na taa za kuvulia dagaa usiku kucha. Mashine nyingi ndogo za nje hazina sehemu ya kuchaji, kwa hiyo weka paneli ya jua ya wati 30. Chaja zake za bei ya chini huleta mlio redioni. Tutarudi kwenye hilo.

Waya wa umeme usiwe mwembamba. Kwa mita 6 kutoka betri hadi redioni, waya wa milimita mraba 1 unapoteza zaidi ya volti 1 unapobonyeza kuzungumza. Betri ya volti 12.2 inafika redioni ikiwa 11, na redio inajizima au sauti inakatika. Hiyo ndiyo sababu ya redio inayopokea vizuri lakini ukibonyeza tu inazimika: watu huirudisha dukani kumbe ni waya. Tumia milimita mraba 4. Fyuzi ya amp iliyoandikwa kwenye kitabu cha redio, mara nyingi 10, ikae karibu na betri upande wa chanya. Boti yenye betri mbili za volti 24 iwekewe kibadilishi cha 24 kwenda 12. Kuchukua volti 12 kutoka betri moja kati ya hizo mbili kunaiua ile moja.

Sasa redio

Kama boti ina mahali pakavu pa kuifunga, chukua redio ya kufunga ya wati 25 na uongeze ya mkono baadaye. Kama ni boti ya wazi kabisa ambayo kila wimbi linaingia, ya mkono ndiyo ya kwanza: wati 5 au 6, inayoelea, yenye alama ya IPX7, yaani inastahimili maji ya mita 1 kwa dakika 30. Alama hiyo ni ya wakati mpira unaozuia maji ungali mpya. Kila ukirudi, ioshe kwa maji baridi, hasa kwenye vipande vya kuchajia, kwa kuwa chumvi ikikaukia pale inakula madini yake na baada ya miezi michache haichaji. Ifungwe kwa kamba kwenye koti la kuokolea la nahodha. Redio inayoelea mita 10 kutoka kwako haikusaidii.

Jihadhari na redio za nchi kavu zinazouzwa kwa wavuvi. Soma kibandiko cha nyuma: ikiwa ni megahezi 400 hadi 470, haitaweza kabisa kuzungumza na chombo chochote kwenye chaneli 16. Zile za 136 hadi 174 zinaifikia, lakini nyingi hazizuii maji, mtu anaweza kuharibu masafa kwa kubonyeza vitufe bila kujua, na zikiwa zimewekwa kwenye mkanda mwembamba wa kilohezi 12.5, sauti yako inafika hafifu kama mtu anayenong'ona. Wala hazina kitufe cha dharura.

Kitufe hicho ndicho kinachotenganisha redio na redio. Mfumo wake unaitwa DSC. Unainua kifuniko chekundu, unabonyeza na kushikilia mpaka redio imalize kuhesabu, kwa kawaida sekunde 3 hadi 5, nayo inatuma kwa chaneli 70 namba ya chombo, mahali kilipo na saa. Redio za vyombo vyote vyenye DSC vilivyo ndani ya umbali zinapiga kelele, hata kama hakuna aliyekuwa akisikiliza sauti. Tafuta maandishi Class D kwenye boksi: maana yake redio ina kipokezi cha pili kinachosikiliza chaneli 70 wakati wote. Chagua yenye GPS ndani. Zisizo nayo zinahitaji kuunganishwa kwa nyaya na GPS ya boti, na nyaya hizo ndizo za kwanza kuoza. Kisha kitufe kinatuma wito usiosema uko wapi.

DSC haifanyi kazi bila MMSI, namba ya tarakimu tisa ya chombo. Za Kenya huanza na 634, za Tanzania na 674 au 677. Usibuni wala usiazime ya boti nyingine, kwa sababu waokoaji watamtafuta mwenye namba. Anzia kwenye ofisi iliyosajili chombo chako (TASAC kwa Bara, ZMA kwa Zanzibar, KMA kwa Kenya, au ofisi ya uvuvi) ikuelekeze. Kibali cha masafa ni cha TCRA kwa Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Iandike MMSI kwenye karatasi, uisome mara mbili, ndipo uiingize: redio nyingi hukuruhusu mara moja au mbili tu, kisha hujifunga. Kwa sababu hiyohiyo, redio iliyotumika iwashwe dukani na uangalie kama ina namba ya mwenyewe wa zamani. Kama inayo na muuzaji hawezi kuifuta, bei ishuke au uiache.

Redio nyingi zinazoletwa kutoka Marekani huja zimewekwa kwa mpangilio wa chaneli wa huko. Chaneli 16 ni ileile, kwa hiyo hakuna anayeshtuka, mpaka bandari ikuhamishie chaneli ya kazi mkaitane bila kusikizana. Ingia kwenye menyu, tafuta USA, CAN, INT, uweke INT (mpangilio wa kimataifa).

Kufunga na kupima

Kabla ya kutoboa, weka redio unapokusudia, washa, bonyeza kuzungumza kwa wati 1 huku mwenzako anaangalia dira. Spika na maikrofoni zina sumaku. Dira ikisogea, sogeza redio. Mita 1 huwa inatosha. Usibonyeze kamwe bila antena, utaunguza redio.

Kipima SWR (kinachoonyesha nguvu inayorudi kutoka antenani) kikiwa kati ya redio na waya, chini ya 1.5 ni vizuri, mpaka 2 inavumilika, 3 na zaidi acha kuzungumza utafute kosa. Ila waya mbovu mrefu huficha ubovu: nguvu inayorudi inaliwa njiani na kipimo kinaonekana kizuri. Ukishuku, pima kule kwenye antena.

Kelele za umeme zitafute hivi. Zima kila kitu ila redio, nenda chaneli 13, punguza SQL (kirekebisho cha kunyamazisha mkwaruzo) mpaka mkwaruzo usikike, kisha ipandishe taratibu mpaka unyamaze, uiache hapo. Sasa washa kimoja kimoja: taa za LED, chaja ya jua, kitafuta samaki. Kinachorudisha mkwaruzo ndicho kinachokuziba masikio usiku. Kisogeze mbali na waya wa antena, au ukibadilishe. Na SQL isipandishwe kupita hapo ilipoanza kunyamaza, kwa kuwa inaanza kukata na wito wa aliye mbali.

Jaribu na boti ya mwenzako kwenye chaneli 72 au 77, si kwenye 16: kilomita 2, kisha 5, kisha 10, kwa wati 1 na kwa wati 25. Andika matokeo. Miezi sita baadaye, ukiona kilomita 10 imekuwa 5, fungua kiungio cha nje kwanza. Mara tisa katika kumi utakuta kijani. Na mtoto akibonyeza kile kitufe chekundu, usizime redio ukanyamaza. Kata wito kwa kufuata menyu, kisha tangaza kwenye 16, kwa jina na MMSI, kuwa wito umetumwa kwa bahati mbaya.

Kando ya redio bandika kadi iliyofunikwa plastiki, upande mmoja Kiswahili na wa pili Kiingereza, kwa sababu meli itakayokusikia huenda haina ajuaye Kiswahili. Mpangilio ni huu: MAYDAY (neno la kimataifa la kuomba uokozi) mara tatu, hapa ni, jina la boti mara tatu, na MMSI, MAYDAY na jina mara moja, mahali tulipo, kwa GPS au kwa umbali na upande kutoka mahali panapojulikana, kilichotupata, msaada tunaotaka, idadi ya watu, ova. Achia kitufe, usikilize. Jina na MMSI viandikwe kabisa kwa wino, ili hata abiria ambaye hajawahi kushika redio aweze kusoma nahodha akiwa anakumba maji.